Mara Tatu Kutoka Upande Mmoja

Tangi namba tatu la kiwanda cha gundi ya mbao lilikuwa na jina rasmi, limechongwa kwenye kibao cha shaba: herufi na tarakimu kumi na moja. Hakuna aliyelitumia. Watu wote waliliita Mama Mkwe, na sababu yao ilikuwa ya kitaalamu. Ukilihudumia taratibu, lilitulia. Ukilifanyia haraka, lilipanda joto bila kukueleza ulichokosea, na mwisho wake gundi ilitoka na mabonge kama uji uliopikwa na mtu mwenye simu mkononi.

Kwa hiyo walilihudumia taratibu. Kimiminika cha pili, kile kinachoamsha mmenyuko, kilitakiwa kuingizwa kwa saa tatu. Wao walikidondosha kwa saa tano. Mwendeshaji wake alikuwa mwanamume mfupi na mpana, aliyefanya kazi miaka sita kwenye jukwaa lililo kando ya mfuniko wa tangi, na kwa hiyo akaitwa Kifuniko. Wageni wakipanda ngazi aliwaambia, "Hapa tunaingia kwa shikamoo na tunatoka kwa shikamoo."

Kazi ya kujua kinachomkera Mama Mkwe alipewa mhandisi mmoja wa kike, mwenye miaka thelathini na minne, ambaye kiwanda kizima kilimwita Bi Namba. Ofisi yake ilikuwa zamani stoo ya magunia, na bado ilinuka magunia. Ilikuwa na kompyuta mbili, feni moja na ubao mweupe. Humo ndani alilijenga tangi upya kwa hesabu. Lita elfu nane alizigawa katika vyumba vidogo milioni mbili, kila kimoja kisichoweza kujaza kijiko cha chai. Kila chumba kilijua joto lake, mwendo wa kimiminika kilichomo, na majirani zake ni nani. Kompyuta ilivipitia vyote, ikikiuliza kila kimoja umepokea nini kwa jirani na umempa nini. Ikimaliza, ilianza upya.

Mama yake alipotaka kujua anakwenda kufanya nini huko kila asubuhi, alimjibu, "Ni umbea, Mama. Kila chumba kinasikia ya jirani tu, ya mtaa wa pili hakiyajui. Lakini ukisubiri, habari zinafika kote."

"Kumbe," mama yake akasema. "Na mimi wakanikosa vipi kwenye usaili?"

Jumatatu moja saa nne asubuhi, baada ya miezi minane, habari zilifika kote. Ndani ya tangi la kweli mlikuwa na vipimajoto vitatu: cha chini, cha kati na cha juu. Kila siku, katika saa ya pili ya umiminaji, cha juu kilipanda digrii tisa zaidi ya wenzake, kikakaa huko, kisha kikashuka. Nundu hiyo ndiyo iliyozaa mabonge, na hakuna aliyejua nundu yenyewe imezaliwa na nini. Sasa kwenye skrini kulikuwa na mistari miwili. Mwekundu ulikuwa wa kipimajoto cha juu. Wa bluu ulikuwa wa modeli, lile tangi la hesabu. Mwekundu ulipopanda, wa bluu ulipanda. Mwekundu uliposhuka, wa bluu ulishuka. Tofauti kubwa kabisa kati yao haikufika digrii moja.

Aliwaita watu. Aliyekuja kwanza alikuwa Kifuniko, akiwa bado na glavu.

"Ndiye mwenyewe huyo," alisema, akiisogelea skrini. "Hata nundu yake ile ile. Umempiga picha Mama Mkwe bila yeye kujua."

"Ripoti naitoa Alhamisi."

"Alhamisi ripoti, Jumamosi sherehe ya mzee. Wiki hii nyumba yenu mtatembea vifua mbele, hatutapata pa kupita."

Mzee aliyetajwa alikuwa baba yake Bi Namba. Alikuwa fundi umeme wa kiwanda hicho kwa miaka thelathini na mmoja, na alistaafu bila kuandikiwa kosa hata moja. Lakabu yake ilikuwa Mara Tatu, kwa sababu hakuna waya aliyoikaza akaiacha kabla ya kuikagua mara tatu. Wanafunzi wake walimcheka kwa hilo wakiwa vijana. Walipoanza kuwa na wanafunzi wao wenyewe waliacha kucheka. Jumamosi hiyo chumba cha mafunzo cha karakana ya umeme kilikuwa kipewe lakabu yake. Kibao kilikuwa tayari, kimefungwa kwa gazeti, kinangoja misumari. Mara Tatu hakuwa mtu wa kujisifu, lakini suruali ya suti yake ilikuwa imepigwa pasi tangu wiki iliyopita, na mkewe alikuwa shahidi kwamba ilipigwa mara tatu.

Bi Namba alirithi tabia hiyo kama wengine wanavyorithi pua. Watu walipotoka ofisini mwake wakiwa na furaha, alifunga mlango akaanza kukagua.

Ukaguzi wa kwanza ulikuwa wa joto: lililozalishwa na lililochukuliwa na koti la maji linalozunguka tangi. Viwango vililingana. Wa pili ulikuwa wa vyumba: sehemu ya juu aliviongeza idadi, vikawa vidogo zaidi, akaangalia kama jibu litahama. Halikuhama. Wa tatu ndio uliomchosha kila mtu mwingine katika taaluma yake, nao ni kurudi kwenye michoro ya mwanzo kabisa na kusoma kila kitu kwa sauti, kana kwamba kimeandikwa na adui.

Alisoma urefu, upana, pembe ya mabawa ya mwiko. Mwiko ndilo jina walilolipa pangaboi kubwa la kukorogea lililoning'inia katikati ya tangi, likizungushwa na mota iliyosimama juu ya mfuniko. Mabawa yake manne yalikuwa yameinama, ili likizunguka kufuata mwendo wa saa, kwa mtu anayetazama kutoka juu, lisukume kimiminika kwenda chini. Alisoma kasi: mizunguko tisini kwa dakika, kufuata saa. Kisha akasoma mchoro wa mtengenezaji, na hapo akarudia kuusoma.

Mtengenezaji hakuanza kuhesabu kimo kutoka sakafuni. Alianza kwenye mfuniko na kuhesabu kwenda chini. Bi Namba aliandika mbele ya tisini alama ya kutoa, inayoiambia kompyuta kufuata saa, akiamini kimo kinahesabiwa kwenda juu, na kompyuta, ambayo haina hisia wala adabu, iliutazama mwiko kutoka chini ya tangi. Ni sawa na saa iliyochorwa kwenye kioo cha dirisha: aliyeko ndani anaona mishale inakwenda kulia, aliyeko nje anaona inakwenda kushoto, na wote wawili wanasema kweli. Kwa miezi minane, mwiko wa modeli ulikuwa ukizunguka kinyume.

Alifuta alama moja. Akabonyeza kitufe, akazima taa, akaenda nyumbani.

Jumanne asubuhi jibu lilikuwa tayari. Mstari wa bluu ulikuwa umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Hakuna nundu. Kwa mujibu wa modeli iliyosahihishwa, kipimajoto cha juu hakikuwa na sababu yoyote ya kupanda, na Mama Mkwe alikuwa mtu mpole asiyejulikana.

Kifuniko alikuja na kikombe chake cha chai kuona tena picha ya jana.

"Imeharibika?"

"Imesahihishwa."

"Kwa hiyo ikiwa na kosa inalingana na tangi, na ikiwa sahihi hailingani."

"Ndiyo."

Kifuniko alikunywa chai kidogo. "Bi Namba, mimi sikusoma sana. Lakini ningekuwa wewe ningelirudisha lile kosa, nikalifunika vizuri, nikatoa ripoti. Nani atahesabu vyumba milioni mbili?"

"Mimi."

"Ndiyo tabu yako."

Alichukua kalamu, akaandika ubaoni sentensi mbili. Ya kwanza: hesabu ina kosa lingine ambalo sijaliona. Ya pili aliiandika polepole, kwa sababu haikuwa na haya: mwiko wa kweli unazunguka kinyume.

Kifuniko alizisoma. Akaweka kikombe mezani. "Mshale upo juu ya mota. Kila siku naupitia. Unaonyesha kufuata saa."

"Mshale ni rangi tu. Nataka kuona chuma."

Kuona chuma hakukuwa rahisi, na ndiyo maana hakuna aliyekiona. Shafti ya mwiko, ile fimbo ya chuma inayouzungusha, ilifunikwa na kinga ya bati iliyozuia mikono ya watu, na feni ya mota ilikuwa chini ya kofia ya kuzuia maji, ambayo ndiyo iliyochorwa mshale. Kwenye kinga palikuwa na mwanya mmoja wa upana wa kidole gumba. Saa tano, tangi likiwa halina gundi, limejazwa maji ya kuoshea tu, Kifuniko aliifunga swichi kwa kufuli, Bi Namba akapenyeza kipande cha utepe mweupe kwa koleo ndefu na kukibandika kwenye shafti. Shafti ikiwa kasini, utepe ungepita mwanyani kama mmweko mweupe tu. Lakini katika sekunde mbili za kuanza ilitambaa, na sekunde mbili zilitosha.

Kifuniko akaondoa kufuli, akabonyeza. Bi Namba alielekeza tochi kwenye mwanya.

"Zima," akasema. "Washa tena."

Wakafanya mara tatu. Kisha wakabadilishana: yeye akabonyeza, Kifuniko akatazama kwa jicho moja, lingine amelifumba kama mpiga manati.

"Lo," alisema Kifuniko. "Miaka sita namwamkia, kumbe amenipa mgongo."

Bi Namba hakucheka papo hapo. Alicheka baada ya nukta kadhaa, kicheko cha mtu ambaye deni lake la usingizi limefutwa. Kila kitu kilikaa mahali pake. Mabawa yaliyotakiwa kusukuma chini yalikuwa yakivuta juu. Kimiminika cha pili, kilichodondoka kutoka juu, kilikataliwa kushuka. Kikakaa usoni pamoja na joto lake, kama wageni waliozuiwa mlangoni na bado wanaendelea kuwasili. Modeli yenye kosa ilikuwa imelieleza vizuri tangi lenye kosa. Makosa mawili yalikuwa yamekutana na kusalimiana.

"Haya," alisema Kifuniko akishuka ngazi. "Na mota hii nani aliifunga?"

Swali hilo lilikuwa la kawaida kabisa. Jibu lake lilikuwa katika karakana ya umeme, kwenye jalada la kijani. Fundi mkuu wa umeme, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, alilifungua mbele ya Bi Namba na kupitisha kidole. Mota ya tangi namba tatu: imesukwa upya nyaya zake, imejaribiwa, imefungwa, miaka saba iliyopita. Mwaka ule ule kiwanda kilibadilisha malighafi, na mabonge yalipoanza, lawama zote ziliangukia malighafi. Umiminaji wa saa tano ukaingia, ukakaa, ukawa desturi. Chini ya maandishi palikuwa na sahihi ambayo Bi Namba aliijua tangu ripoti zake za shule ya msingi.

Nyuma ya fundi mkuu, kibao kiliegemea ukuta ndani ya gazeti lake.

"Ilikuwa mojawapo ya kazi zake za mwisho," alisema fundi mkuu. Alifunga jalada taratibu. "Dada, nisikilize. Mota hii inakula nyaya tatu. Ukibadilishana mbili, yoyote ile, inageuza mwendo. Ni kazi ya dakika ishirini. Nitakwenda mimi mwenyewe na bisibisi yangu. Wewe andika kwenye ripoti 'mwelekeo wa mwiko umerekebishwa'. Si uongo."

"Si uongo," alikubali.

"Huyu mzee ndiye aliyenifundisha kushika bisibisi. Jumamosi atakaa pale mbele na suti yake. Unataka wanafunzi waanze kunong'onezana, Mara Tatu, Mara Tatu, kumbe mara sifuri?"

Bi Namba hakuwa mtu wa machozi, na hakutoa hata moja. Alichofanya ni kuhesabu. Kiwandani mlikuwa na matangi sita yenye mota. Kama fundi asiyekosea alikosea kwenye hili, basi palikuwa na namna ya kukosea ambayo fundi asiyekosea anaingia nayo mlango wa mbele, na matangi mengine matano yalikuwa hayajatazamwa. Bila kueleza kosa lilivyotokea, hakuna ambaye angejua aende kutazama wapi. Sentensi ya fundi mkuu haikuwa uongo. Ilikuwa tu haina faida kwa mtu yeyote isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa baba yake.

"Naomba nusu siku," alisema. "Nakwenda nyumbani kula."

Mara Tatu alikuwa barazani, na feni ya jirani imefunguliwa mbele yake kwenye meza, skrubu zake zimepangwa kwa ukubwa. Alikuwa mtu mwembamba, miwani imefungwa kamba nyuma ya kichwa.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mama. Mbona mapema? Mama Mkwe amekufukuza?"

"Mama mkwe pekee aliyenaye ni wa chuma," mama yake alisema kutoka dirishani, "na huyo naye amfukuze? Basi tumekwisha."

Bi Namba alikaa kwenye kiti cha pili. Angeweza kuanza kwa mbali, kuuma na kupuliza, lakini baba yake alikuwa mtu wa kuambiwa kipimo kwanza na hadithi baadaye.

"Mwiko wa tangi namba tatu unazunguka kinyume cha saa. Nimeona kwa macho, mara tatu, na Kifuniko mara tatu. Mota imefungwa na wewe."

Mara Tatu aliweka bisibisi chini, sambamba na skrubu. "Haiwezekani."

"Ndivyo nilivyosema na mimi."

"Mama watoto," aliita bila kugeuka, "niletee kile kitabu cha mwisho. Chenye jalada jeusi."

Kilikuja kitabu, na mama yake akabaki mlangoni, taulo ya vyombo begani. Mara Tatu alifunua kurasa, akalamba kidole, akafunua. "Hii hapa. Tangi namba tatu. 'Kofia ya feni ipo kwa wapaka rangi. Mwelekeo kwa mujibu wa karatasi: kufuata saa. Imejaribiwa mezani, kufuata saa. Moja, mbili, tatu.'" Aligeuza kitabu ili binti yake asome. Palikuwa na tiki tatu, zote zenye mkia mrefu. "Nini tena?"

"Ulisimama wapi?"

"Vipi nilisimama wapi?"

"Mota ilikuwa imelala mezani. Wewe ulikuwa upande gani wake?"

Mara Tatu alinyoosha mkono, akaichukua mota ya feni ya jirani na kuilaza mezani, shafti ikimwelekea yeye, kama fundi yeyote anavyoilaza, kwa sababu shafti ndicho kitu cha kutazama. Akaizungusha kwa vidole: kufuata saa. Akaitazama. Akaisimamisha wima, shafti chini, kama mota inavyosimama juu ya tangi. Akainamisha kichwa, akaitazama kutoka juu huku akiendelea kuizungusha vile vile: kinyume cha saa.

Jirani mmoja alikuwa akifagia ng'ambo, na ufagio wake ulisikika vizuri.

"Nilikuwa upande wa shafti," alisema Mara Tatu.

"Na karatasi ilisema kutoka juu. Upande wa feni."

"Nilikagua mara tatu."

"Ndiyo Baba."

"Mara tatu kutoka upande mmoja." Alivua miwani, ikabaki kifuani kwa kamba yake. "Hiyo si mara tatu, mwanangu. Hiyo ni mara moja iliyorudiwa."

Bi Namba alimtazama usoni kujua kama ni wakati wa kusema lolote.

"Na wewe," baba yake akasema baada ya muda, "ulijuaje? Uliingia tangini?"

"Modeli yangu ilikuwa na kosa. Mchoro ulihesabu kwenda chini, nikadhani unahesabu kwenda juu. Kwa hiyo kompyuta iliutazama mwiko..." Alisita.

"Iliutazama kutoka wapi?"

"Kutoka chini. Upande wa shafti."

Aliyeanza kucheka ni mama yake. Alicheka akiwa ameshika mwimo wa mlango, taulo ikaanguka. Mara Tatu alimkazia macho kwa heshima zote alizobakiwa nazo, zikamwishia, naye akacheka mpaka skrubu zikaanza kutembea mezani.

"Maji hufuata mkondo," mama yake alisema akijifuta macho. "Nimeishi na huyu miaka arobaini, nikasema angalau mtoto atasimama upande wangu."

"Miezi minane," Mara Tatu alisema kwa furaha ya kweli. "Mimi dakika tano zilinitosha. Wewe umesoma, ikakuchukua miezi minane kukosea kile kile."

"Lakini mimi nilikagua mara tatu nikaliona."

"Hilo nakupa. Hilo lako."

Alipotulia, alivaa miwani na kuanza kupanga skrubu upya. Bi Namba alimweleza yaliyobaki: dakika ishirini za bisibisi, sentensi isiyo uongo, kibao kilicho ndani ya gazeti, na yale matangi matano.

"Nani amesema ufiche? Mrefu yule?"

"Anakuheshimu."

"Anaheshimu suti. Mwambie mficha uchi hazai." Aliinua skrubu moja, akaitazama kwenye mwanga. "Andika jinsi ilivyotokea. Andika meza, andika shafti, andika nilisimama wapi. Chora kabisa. Watu wakisikia mzee alikosea hawatajifunza kitu. Watasema macho, watasema uzee. Wakijua alisimama wapi, watakwenda kutazama yale matano."

"Na Jumamosi?"

Mkono wa Mara Tatu ulikwenda kwenye skrubu nyingine, ukairudisha. Alikuwa na miaka sitini na saba, na hakuwa na kitu kingine kilichoandikwa jina lake isipokuwa mita ya maji.

"Jumamosi ni yao," alisema. "Wakitaka kunitoa kwenye ukuta, wanitoe. Lakini wewe kosa lako liandike kwanza, langu la pili. Nisiingie mkutanoni peke yangu."

Jumatano asubuhi, kwa kibali cha mkuu wa uzalishaji, fundi mkuu alifungua kisanduku cha mota, akabadilisha nyaya mbili, akafunga. Ilimchukua dakika kumi na nane. Alipomaliza alizunguka mota yote na kuitazama pande zote mbili, kisha akatazama tena. Utepe mweupe ulitambaa kufuata saa. Bi Namba alishusha modeli iliyosahihishwa kwenye kompyuta ya mkononi na kukaa jukwaani. Kifuniko alifungua valvu ya kimiminika cha pili kwa kipimo cha saa tatu, ambacho hakuwahi kukitumia maishani mwake, na mkono wake ukabaki juu ya gurudumu la valvu kama wa mtu anayeshika mkia wa ng'ombe asiyemjua.

"Akilipuka," alisema, "nitasema ulinilazimisha."

"Halipuki. Cha juu kikizidi wenzake digrii mbili, funga."

Saa ya kwanza ikapita. Saa ya pili ikaingia, ile ya nundu. Kipimajoto cha juu kilipanda nusu digrii, kikafikiri, kikashuka. Kwenye skrini mstari mwekundu ulijilaza juu ya ule wa bluu, umenyooka. Kifuniko aliondoa mkono kwenye valvu, akavua glavu, akapiga ubavu wa tangi kidogo kwa kiganja.

"Shikamoo," aliliambia. Kisha akamgeukia Bi Namba. "Sasa zile saa mbili zilizopungua mimi nifanye nini?"

Gundi ilitoka bila bonge hata moja.

Alhamisi, mkutanoni, Bi Namba alisema kwa dakika kumi na mbili. Alionyesha nundu, akaonyesha kosa lake na mchoro uliohesabu kwenda chini, akaonyesha kosa la pili kwa picha aliyoichora mwenyewe: meza, mota, na mtu mwenye miwani ya kamba amesimama upande wa shafti. Mkuu wa uzalishaji aliitazama picha hiyo kwa muda.

"Huyu ni nani?"

"Ni fundi aliyekagua mara tatu," alisema Bi Namba. "Ameruhusu. Amesema nimchore vizuri."

Chumba kilicheka, lakini si kicheko kile ambacho fundi mkuu alikiogopa. Kabla ya saa sita matangi matano yalikuwa yameangaliwa kwa tochi na utepe. Manne yalikuwa sawa. Mwiko wa tangi namba tano ulikuwa ukizunguka kinyume kwa miaka miwili, na mota yake ilijaribiwa mezani na fundi mkuu mwenyewe. Yeye alilitangaza jambo hilo kwa sauti yake ya chini, akaketi, na baadaye alionekana akibeba kibao kwenda kukigongomea ukutani kabla ya siku yake.

Jumamosi Mara Tatu alikuja na suti, na kwapani amebeba kifurushi. Hakukitoa wakati wa hotuba. Alikaa mbele, akasikiliza akisifiwa, akapiga makofi pale ambapo hakutakiwa kupiga. Zamu yake ilipofika, wanafunzi kumi na wanne walikuwa wamekaa kuzunguka meza ndefu, saba upande huu na saba upande ule. Alifungua kifurushi. Ilikuwa mota ya feni ya jirani, ambaye alikuwa bado anaingoja. Aliilaza katikati ya meza na kuizungusha kwa kidole.

"Inakwenda wapi?"

"Kufuata saa," walisema saba.

"Kinyume cha saa," walisema saba wengine, karibu kwa pamoja.

Ukazuka ubishi. Msichana mmoja wa upande wa feni alisema wenzake hawajui saa. Wa upande wa shafti walimwonyesha saa zao za mkononi. Mara Tatu alivuta kiti, akakaa, akaendelea kuizungusha mota kwa kidole kimoja.

Bi Namba alikuwa nyuma, karibu na mlango, kando ya mama yake na Kifuniko. Alikuwa akitazama saa yake. Dakika moja ilipita, na sekunde arobaini. Ubishi ukapanda, ukafikia mahali pa kuitana wajinga, ndipo yule msichana aliponyamaza katikati ya sentensi, akasukuma kiti chake, akaizunguka meza na kwenda kusimama upande wa pili.